Somo: Kugawa sebule iliyoungana na jiko bila kujenga ukuta

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zinakuja na ukumbi mmoja: ukifungua mlango unaona makochi, meza ya kulia na jiko kwa mpigo. Siku ya kukabidhiwa funguo kila mtu anaufurahia. Muda si mrefu anaitwa fundi aje kusimamisha ukuta wa jipsamu. Naomba usiujenge kabla hujasoma somo hili. Ukuta huo unakula nafasi na kuziba upepo, na kazi yake inaweza kufanywa na mgongo wa kochi, zulia na taa.

Mfano wetu ni ukumbi wa mita 8 kwa 4.5. Mlango uko kwenye kona ya ukuta mfupi, jiko liko mwisho wa upande wa pili. Wako ukiwa mdogo zaidi, punguza fanicha, usipunguze njia.

Hatua ya 1: Chora njia

Kabla hujanunua hata stuli, chukua futi na tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, ubandike sakafuni njia ya kutoka mlangoni hadi jikoni. Iwe na upana wa sentimita 90, aliyebeba sinia apite bila kugeuza bega. Ipitishe kando ya ukuta. Njia ikikatiza katikati ya makochi, wageni watakunja miguu kila mtoto anapokwenda kunywa maji, na hakuna pambo litakaloponya hilo.

Hatua ya 2: Toa kochi ukutani

Hapa ndipo penye kazi yote. Tumezoea kubandika makochi ukutani na kuacha uwanja katikati. Kwenye chumba cha kuta nne inakubalika, lakini ukumbi wa wazi ukipangwa hivyo unageuka kama chumba cha kusubiri daktari. Chukua kochi la watu watatu, uso liangalie TV, mgongo uelekee meza ya kulia. Mgongo huo ndio mpaka wako.

Sasa piga hesabu kuanzia ukuta wa TV. Kabati la TV sentimita 40, nafasi ya kupita 90, meza ya katikati 60, nafasi ya miguu 45, kochi 90: jumla 325. Meza ya kulia ya watu sita yenye urefu wa 160 na upana wa 90, ilaze kukingama ukumbi, ukiacha 75 za kuvuta viti kila upande: hizo ni 240. Jikoni, kaunta 60, nafasi ya mpishi 100, na sehemu ya jiko na sinki 60: jumla 220. Ukijumlisha zote unapata mita 7.85, na ukumbi wako ni mita 8. Kila kitu kimeenea, lakini stuli za kaunta hazina pa kukaa, maana zitagongana na viti vya meza. Chagua kimoja. Mimi ningechagua meza, kwa sababu hapo ndipo familia inapokutana.

Hatua ya 3: Sakafu

Zulia la mita 2 kwa 3 linatosha. Miguu ya mbele ya makochi ikae juu yake. Zulia dogo linaloelea katikati peke yake halishiki kitu. Chini ya meza acha vigae wazi, wali ukidondoka unafagia.

Hatua ya 4: Taa

Usiwashe ukumbi mzima kwa swichi moja. Mwambie fundi umeme kabla ya kupaka rangi kwamba unataka swichi tatu. Jikoni weka taa nyeupe ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4000 hivi, uone unachokata. Kwenye makochi na mezani weka za njano, 2700 hadi 3000. Namba hiyo imeandikwa kwenye boksi. Taa ya kuning'inia juu ya meza ishuke hadi sentimita 75 kutoka kwenye meza. Usiku ukizima ya jikoni, jiko linatoweka, na mgeni anabaki ndani ya mwanga wa sebule.

Kama kochi liko katikati na unataka taa ya kusimama pembeni yake, soketi ya sakafuni iwekwe kabla ya vigae. Waya wa ekstensheni kuvuka njia ni hatari.

Hatua ya 5: Rangi, pazia na upepo

Rangi ya kuta iwe moja ukumbi mzima. Tofauti iletwe na mito, pazia na kabati za jikoni. Kisha angalia upepo. Pwani tuna kusi na kaskazi, na ukumbi wa wazi ni zawadi kwa sababu hewa inaingia dirisha hili na kutokea lile. Shelfu refu la kugawia chumba linaiua zawadi hiyo, kwa hiyo shelfu lisipite kifua. Ukihitaji kuficha zaidi, tumia pazia. Nyumba za mawe za Lamu zimefanya hivyo karne nyingi: misana yake, yaani kumbi za ndani, ni mirefu na myembamba, upana ukifuata urefu wa boriti za mikoko, na ukienda ndani zaidi sakafu inapanda kidogo. Sakafu na pazia vilitosha kumwambia mgeni aishie wapi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Hapa Mombasa samaki wa kukaanga ni karibu kila siku, na harufu inaganda kwenye makochi.*

Marahaba. Weka feni ya kuvuta moshi inayotoa hewa nje kabisa; zile zinazochuja na kuirudisha ndani hazitakutosha. Iwashe kabla mafuta hayajapata moto. Makochi yawe na foronya za zipu, zifuliwe. Na mtungi wa gesi ukae nje, kwenye hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, na kwenye ukumbi wa wazi itafika hadi kwenye zulia wanapocheza watoto.

*Kaka, mimi niko bedsita Nairobi, futi 10 kwa 14. Kitanda kinaonekana kutoka mlangoni, na landlodi hataki kuta zitobolewe.*

Kitanda kipeleke mwisho, mbali na mlango. Mtafute fundi welda akutengenezee stendi ya bomba yenye miguu, utundike pazia jepesi lifike chini. Utahama nayo. Kochi la watatu liache. Weka la wawili na mkeka.

*Dada yangu nimempa somo hili, anasema mama mkwe wake akija hapendi kukaa akitazama vyombo vichafu.*

Ana haki, na mpango huu unamlinda: akikaa kwenye kochi kubwa, jiko liko nyuma yake. Kwa anayekaa mezani, mwambie dada ainue ukingo wa kaunta upande wa meza kwa sentimita 15 hadi 20 kupita sinki. Seremala anaufanya kwa mbao, na masufuria hayaonekani.