Jinsi ya kujikinga na tegu wa mbweha, maana wagonjwa wanaongezeka

Huyu tegu (aina ya mnyoo bapa wa tumboni) ni kadogo sana, milimita chache tu, anaishi kwenye utumbo wa mbweha, koyote (mnyama wa Amerika wa jamii ya mbwa) na hata mbwa, afu mayai yake yanatoka na kinyesi na hauyaoni kwa macho. Ukiyameza, funza wake anakua kwenye ini polepole kama kansa na unaweza kukaa miaka 5 hadi 15 bila dalili yoyote, ndo maana mi naona kinga ndo kila kitu hapa.

Anza na mbwa wako. Anapata tegu kwa kula panya wa porini, sasa kama ni mwindaji mwambie daktari wa mifugo akupangie prazikwanteli kila mwezi, siyo ile dawa yoyote ya minyoo maana nyingine haziui tegu kabisa. Mbwa mwenyewe ataonekana mzima tu, usidanganyike.

Mikono nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka ukishamshika mbwa au udongo, sanitaiza haiui haya mayai. Matunda ya porini na mboga osha vizuri, ila kupika ndo uhakika, friza ya nyumbani haisaidii kitu (mayai yanavumilia baridi balaa). Mzoga wa mbweha usiguse bila glavu.

Kama umekaa na mbwa mla panya na una wasiwasi, mweleze daktari hivyo hivyo, ultrasaundi ya ini inaweza kuonyesha mapema kabla upasuaji haujashindikana, maana wasioweza kupasuliwa wanabaki kumeza dawa ya albendazoli miaka mingi.