Matatu ikisimama, usipite kushoto kwake

Waendesha baiskeli wa Digo Road na Buxton hapa Mombasa, sikizeni. Matatu ikikukatia na kusimama mbele yako, usijipenyeze kati yake na ukingo wa barabara. Mlango wa abiria uko kushoto, na makanga huruka chini hata gari halijatulia. Ngoja nyuma, au geuka uangalie kulia, nyoosha mkono, ndipo upite. Barabara ni yako pia, kwa hivyo usione haya kukaa mbali kidogo na mtaro, hata wakikupigia honi. Ila taa nyekundu inakuhusu, na kuja kinyume cha magari (tunavyopenda!) hakuruhusiwi. Usiku washa taa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Tuktuk huchomoka popote.