Amplifaya ya besi ya valvu inavuma na sauti inapasuka mapema: pa kuanzia

Mtu mwenye amplifaya ya zamani iliyoanza kuvuma mara nyingi huja kwa fundi akiwa tayari amenunua valvu mpya. Simlaumu. Valvu zinaonekana, zinang'aa, zinachomoka kwa mkono, kwa hiyo ndizo za kwanza kushukiwa. Lakini ndani ya chombo chenye miaka 50 au 60 kinachochoka kwanza ni kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme), na kapasita iliyochoka huleta mambo mawili kwa pamoja: kelele, na sauti kupasuka kabla volyumu haijafika hata nusu. Ukiweka valvu mpya juu ya kapasita mbovu utaziunguza nazo pia.

Mfano wangu ni amplifaya ya aina ya Fender Bassman ya katikati ya miaka ya 1960: valvu mbili za nguvu za 6L6GC, wati 50 hivi, spika ya omu 4. Ampeg B-15, amplifaya nyingine ya besi, utaifuatilia kwa mantiki hiyohiyo. Ampeg SVT ya 1969 nayo vilevile, ila ndani yake kuna volti karibu 700, na hiyo si ya kujifunzia kazi.

Hatua ya 1: usife

Hata Bassman ina volti zaidi ya 400 za DC (umeme wa mkondo mmoja), na kapasita kubwa huzihifadhi baada ya plagi kuchomolewa. Chomoa, kisha tumia rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 au zaidi, yenye klipu na waya uliofunikwa vizuri, kuunganisha chanya ya kapasita na chasisi (fremu ya chuma). Pima kwa mita mpaka zishuke chini ya volti 10. Pima upya kila unaporudi mezani, maana baadhi ya kapasita hujirudishia chaji kidogo zenyewe. Ukilazimika kupima huku chombo kinawaka, mkono mmoja uwe mfukoni.

Kama bado kina plagi ya pini mbili, weka waya wenye athi na uifunge athi kwenye chasisi kwa boliti yake peke yake. Ile kapasita ndogo inayotoka kwenye njia ya umeme kwenda kwenye chasisi itoe kabisa. Ikishoti, chasisi nzima inakuwa na umeme, na nyuzi za gitaa pia.

Usiwashe kamwe bila spika, au bila rezista kubwa badala yake. Transfoma ya kutolea sauti ndiyo kitu cha gharama zaidi humo, na hii ndiyo njia rahisi ya kuiua. Kwa kuwasha mara ya kwanza, unga balbu ya nyuzi ya wati 100 mfululizo na njia ya umeme. Ikiwaka kwa nguvu na isififie, kuna shoti, zima.

Hatua ya 2: ondoa mashaka ya nje

Badili kebo, gitaa na spika. Gitaa lenye betri ndani linaweza kutoa ishara kubwa kuliko ile ambayo valvu ya kwanza ilitengenezewa, kwa hiyo likipasua sauti peke yake, amplifaya haina kosa. Sukuma koni ya spika polepole kwa vidole vilivyotandazwa: ukisikia inakwaruza ndani, koili inagusa sumaku, na umeokoa kazi ya siku nzima.

Hatua ya 3: itambue kelele kwa gitaa lenyewe

Mvumo una noti yake, na gitaa la besi linaweza kuupima. Kwenye umeme wa hezi 50, mvumo wa hezi 50 unalingana karibu kabisa na G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E. Mvumo wa hezi 100 uko karibu na uzi wa G ulio wazi. Penye umeme wa hezi 60, tafuta kati ya B bemoli na B, oktava ya juu au ya chini.

Mvumo wa chini, ule unaolingana na umeme wenyewe, mara nyingi hutokana na nyaya za volti 6.3 zinazopasha valvu joto, athi mbovu, au njia ya bayasi (volti hasi inayotuliza valvu za nguvu), ambayo kwenye amplifaya nyingi hugeuzwa kuwa DC kwa diodi moja tu. Ule wa juu, maradufu ya umeme, unaelekeza kwenye kapasita za kuchuja. Ukipiga noti ukasikia chini yake noti nyingine usiyoipiga tena isiyoafikiana nayo, hizo kapasita zimekauka. Zibadilishe zote kwa pamoja, pamoja na ile ya bayasi inayosahaulika sana. Kumbuka kwamba ya bayasi hufungwa kinyume: chanya yake ndiyo inayokwenda kwenye chasisi.

Kelele ya kama mafuta yanayokaangwa, au milipuko midogo isiyo na mpangilio, ni hadithi nyingine. Mara nyingi ni rezista za kaboni za kiloomu 100 kwenye anodi za valvu ndogo. Weka za filamu ya metali. Na ukikuta volyumu inakwaruza hata baada ya kusafishwa, pima DC juu yake. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ikiwa ipo, kapasita iliyo kabla yake inavuja.

Hatua ya 4: kata njia vipande

Shusha volyumu hadi sifuri. Kelele ikipotea, chanzo kiko kabla ya volyumu. Ikibaki, kiko baada yake. Sekunde mbili tu, na umeshaacha nusu ya chombo.

Kisha zima, chomoa valvu ya kwanza ya 7025 au 12AX7, washa usikilize. Zima, chomoa inayofuata, hadi ufike kwenye valvu ya kugawa fezi, ile inayozilisha valvu za nguvu. Kelele inapokoma, hatua uliyochomoa ndiyo ya kuchunguza. Ikiendelea hata valvu zote ndogo zikiwa nje, chanzo ni umeme wa ndani, bayasi, au valvu za nguvu. Unapoziondoa, gusagusa zilizobaki kwa kijiti kikavu cha mbao: valvu inayolia kengele kila ikiguswa ni ya kutupa, na soketi inayotoa mikwaruzo inataka kukazwa meno.

Hatua ya 5: kapasita za kupitishia, penye ugonjwa wenyewe

Kapasita hizi hupitisha sauti kutoka anodi (mlango wa kutolea) ya valvu moja kwenda gridi (mlango wa kuingilia) ya nyingine, na kazi yake ya pili ni kuzuia DC. Zile mbili zinazotoka kwenye valvu ya kugawa fezi ndizo ninazozishuku kabla ya zote.

Tufanye hesabu. Upande mmoja wa kapasita kuna volti 230, upande wa pili bayasi ya −50. Tofauti ni 280. Kapasita ikianza kuvuja kiasi cha megaomu 20, na rezista ya gridi ikiwa kiloomu 220, gridi inapanda kwa volti 3 hivi. Mita ya kawaida ukiipima kapasita hiyo ikiwa imetolewa itakuambia ni nzima. Lakini hizo volti 3 zinaweza kuongeza zaidi ya miliampea 10 kwenye valvu moja na kuiacha mwenzake palepale. Pande mbili hazilingani tena: mvumo uliokuwa unafutana wenyewe unasikika, na sauti inapasuka mapema.

Pima hivi. Zima, toa valvu za nguvu, acha ya kugawa fezi mahali pake. Spika iwepo. Washa, pima volti kati ya ncha mbili za kila rezista ya gridi ya kiloomu 220. Jibu sahihi ni sifuri. Chochote zaidi ya sehemu chache za volti ni uvujaji. Fanya haraka, kwa kuwa bila valvu za nguvu volti za ndani hupanda juu ya kawaida. Ukiona sifuri lakini bado una shaka, elekeza kaushio la nywele kwenye kapasita kwa dakika moja: zipo zinazovuja zikipata joto tu. Mpya ziwe za volti 600, na badilisha zote mbili.

Hatua ya 6: sasa pima nguvu na bayasi

Weka mita ya AC kwenye spika, au kwenye rezista ya omu 4, na uingize wimbi safi la hezi 100. Volti 14 ni wati 49. Ikianza kupasuka kwenye volti 7, una wati 12 tu, na valvu moja huenda haifanyi kazi. Pima pini ya 4 ya kila 6L6: isiyo na volti ina rezista ya skrini (gridi ya pili ya valvu) ya omu 470 iliyokatika.

Mwisho ni bayasi. Rezista ya omu 1 kati ya pini ya 8 na chasisi hukupa milivolti moja kwa kila miliampea. Kwa volti 450 na 6L6GC ya wati 30, asilimia 70 ya wati hizo ni karibu miliampea 47. Hiyo ni dari, si lengo. Mimi huacha kwenye 35 hivi, besi inabaki imara na valvu zinadumu. Acha iwake nusu saa, pima tena.

Ikiwa baada ya hapo ni noti moja tu inayotetemeka vibaya, tuseme E iliyo wazi, funga chasisi na ukaze skrubu za kabati, kishikio na wavu wa mbele.