Unataka koti la Chanel Mwanza hapa hapa? Mwelekeze fundi wako hivi

Dada zangu, msimpe fundi picha ya kwenye simu alafu mkaondoka. Picha inamwonyesha mifuko na vifungo tu, kinacholifanya lile koti likae vile kiko ndani na fundi hawezi kukiona.

Kwanza amua unataka la enzi gani maana limebadilika sana. Gabrielle Chanel alianza na kofia Paris 1910, vita ilipoanza 1939 akafunga nyumba yake ya mitindo, akarudi 1954 akiwa na miaka 70. Hapo katikati mbunifu mwenzake Christian Dior alishawarudisha wanawake kwenye viuno vya kubanwa tangu 1947, mama Chanel akasema hapana, akatoa koti lililonyooka, halina kola, mifuko midogo ya kweli unayoweza kutia mkono, mtu unavaa na unapumua. Karl Lagerfeld alipoingia 1983 kuwa mbunifu wa Chanel akalichezea atakavyo, mabega mapana, cheni kibao, mpaka la jinzi. Alifariki 2019, akashika Virginie Viard, sasa yupo Matthieu Blazy ambaye onyesho lake la kwanza lilikuwa Oktoba 2025. Mimi nakwambia shona la 1954, halichoshi.

Kitambaa, la kwao ni twidi, kile kitambaa kizito cha sufu, na kwa joto letu utalivua kabla hujafika mjini. Zunguka Makoroboi utafute pamba nzito au kitenge kizito, na bitana iwe pamba nyepesi, zile za kuteleza zinashika jasho balaa.

Sasa kwa fundi, kaza hapa kwenye tundu la mkono. Likatwe juu, karibu kabisa na kwapa. Mafundi wengi wanalishusha wakijua wanakupa nafasi, kumbe ndo unanyanyua mkono kushika bomba kwenye daladala na koti zima linapanda na wewe. Akishapiga bandi mikono, yani kuishikiza kwa muda tu, livae, nyanyua mikono yote, ukiona pindo limepanda sana afumue arudie, usione aibu yani ni hela yako.

Alafu bitana. Kwao haining'inii yenyewe, inashonewa kwenye kitambaa cha juu kwa mistari ya kusimama kabla vipande havijaunganishwa, ndo maana koti linakuwa laini kama sweta ila halipotezi umbo, na gamu ngumu, ile ya kukazia kitambaa kwa ndani, haihitajiki. Kwenye kitenge cha maua mistari inapotea, kwenye rangi moja hakikisha uzi unafanana.

Kingine ni cheni. Kwa ndani, pindo la chini, inashonwa cheni nyembamba kwa mkono kuzunguka koti lote, kazi yake uzito tu, koti linyooke. Ukisimama kivukoni Kamanga jioni upepo wa ziwa unapiga ndo utaelewa kwa nini naipenda hivi! Ila ilaze kwenye maji usiku mmoja kwanza, ikitoa kutu achana nayo, itakuachia madoa. Na ishikizwe kwa uzi unaofumuka kirahisi ili uitoe wakati wa kufua.

Vifungo vyenye zile C mbili usinunue, ile ni alama yao, weka vya shaba visivyo na maandishi vinapendeza zaidi. Bei ya bitana mpatane mapema kabisa, tena mbali na ya koti, maana ile mistari inamla fundi muda kuliko kazi nyingine zote.