Ndoo, dumu, bomba: kujua plastiki imetokana na nini kabla ya kuiunga

Ukiziba dumu lililopasuka kwa kipande cha kiti cha plastiki, kiraka kitashika kikiwa cha moto na kubanduka kikipoa. Dumu la njano la mafuta ya kula hutokana na gesi ya ethilini, kiti mara nyingi hutokana na propilini. Gesi zote mbili hutoka kwenye tanuri moja, nafta (mafuta mepesi yatokanayo na mafuta ghafi) inapopasuliwa kwa mvuke kwenye nyuzi joto 800 na zaidi, lakini zikishakuwa plastiki haziungani.

Anza kwa kutazama kitakoni. Ndani ya pembetatu, 2 na 4 ni plastiki za ethilini (4 ndiyo laini, ya mifuko), 5 ni propilini, 3 ni PVC ya mabomba, 1 ni PET ya chupa za maji, 6 ni stairini, inayotengenezwa kwa benzini (kemikali, si petroli) na ethilini.

Alama ikiwa imefutika, kata kipande cha ukubwa wa ukucha. Kioshe kwa sabuni, kwa sababu mafuta na viputo vya hewa hukifanya kielee kwa uongo. Kizamishe kwa kidole kwenye maji, kisha uachie. Kikielea ni ethilini au propilini. Kikizama huenda ni PET, PVC au stairini. Propilini iliyochanganywa unga wa mawe nayo huzama, usikate shauri kwa maji peke yake.

Cha kutenganisha dumu na kiti ni spiriti ya asilimia 70, ile ya maji, si ya jeli. Changanya vipimo 5 vya spiriti na 2 vya maji, mbali na moto. Humo propilini huelea, plastiki ngumu ya dumu huzama. Ile laini ya namba 4 inaweza kuelea pia, ila ukucha huiacha na alama.

Kutambua PVC, tumia waya mtupu wa shaba, nje penye upepo. Uchome mpaka mwali usiwe na rangi ya kijani, ugusishe kwenye plastiki, urudishe motoni. Kijani kikali ni klorini, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wa PVC na asili yake ni chumvi. Moshi huo una asidi, usiuvute. Asidi hiyohiyo ndiyo inayoharibu chupa za PET zinapoyeyushwa zikiwa na vipande vichache tu vya PVC: plastiki inageuka njano na kukatikakatika.

Bomba la PVC huungwa kwa gundi yake. Dumu halishiki gundi ya kawaida. Kata utepe kutoka dumu jingine la namba 2, kwangua pande zote mbili, pasha utepe na ufa kwa pamoja (plastiki hii huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi), kisha kandamiza. Ikianza kufuka moshi, joto limezidi. Dumu lililowahi kuwa na petroli usilisogezee moto kabisa, hata likiwa tupu.