Pebble Time ya 2015 kwenye simu ya leo

Mimi ni fundi cherehani. Kutwa nzima mikono iko kwenye kitambaa, simu iko kwenye droo, na ujumbe wa M-Pesa wa mteja nausoma mkononi, kwenye Pebble Time, saa janja aliyoniachia kaka. Nilipobadilisha simu, saa ikakosa mwenzake: programu yake ya zamani ni ya biti 32, simu yangu mpya inapokea za biti 64 tu. Seva za Pebble, kampuni iliyoitengeneza, nazo zilizimwa Juni 2018.

Dawa ni Gadgetbridge, programu ya bure ya kuunganisha saa na simu, iliyoko F-Droid, duka la programu huria za Android. Ila nakuomba, usiirudishe saa kwenye hali ya kiwandani. Ukiirudisha, mfumo unafutika na utalazimika kutafuta faili la mfumo lenye mwisho wa .pbz linalolingana na aina ya saa yako. Inatosha kufungua ukurasa wa Bluetooth ndani ya saa na kuifuta simu ya zamani. Usitoke kwenye ukurasa huo. Ukitoka, simu mpya haitaiona saa.

Sasa kwenye Gadgetbridge gusa alama ya kujumlisha. Hapa nilipoteza jioni nzima. Saa hiyohiyo moja inatokea kwa majina mawili: Pebble Time na herufi nne mwishoni, na jingine lenye LE katikati. Chagua lisilo na LE, kisha kubali kwenye saa na kwenye simu.

Kwenye Android 13 na kuendelea, swichi ya kuiruhusu Gadgetbridge isome arifa inaweza kukataa kuguswa. Fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye programu, chagua Gadgetbridge, gusa vidoti vitatu vya juu, ruhusu mipangilio iliyozuiwa, kisha rudi kwenye swichi.

Halafu iondoe Gadgetbridge kwenye programu zinazobanwa ili kuokoa betri. Usiliruke hili! Yangu ilikuwa ikikatika kila skrini ikizima. Mteja alilipia gauni la kitenge asubuhi, mimi nikajua magharibi.

Sura mpya za saa zipo Rebble, tovuti ya wapenzi wa Pebble walioendeleza huduma zake. Gadgetbridge haiingii intaneti, kwa hiyo pakua faili la sura, lenye mwisho wa .pbw, kwa kivinjari, kisha lifungue kwa Gadgetbridge.

Waya wa chaji wenye sumaku ukishika lakini chaji haiingii, pangusa vituo vya chuma mgongoni mwa saa kwa pamba yenye spiriti kidogo. Jasho hukauka pale.