Kagua joto la kila tundu kabla ya kumeng'enya sampuli

Kwa wenzangu mnaopima COD (kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuoksidisha uchafu kwa kemikali) ya maji ya Mto Mirongo au ya ufukweni mwa ziwa hapa Mwanza: msiamini namba inayoonekana kwenye kioo cha kipashajoto, mashine yenye matundu ya kuwekea mirija ya sampuli, peke yake. Mashine inaweza kuonyesha nyuzi 150 ilhali matundu ya pembeni yako chini ya hapo, na sampuli isiyomeng'enywa kikamilifu (yaani ambayo uchafu wake haujavunjwa wote kwa kemikali na joto) hutoa jibu dogo kuliko hali halisi, kwa hiyo maji machafu yakaonekana ni nafuu. Tieni mafuta yanayohimili joto kwenye mrija mtupu, zamisheni kipimajoto humo, kisha uhamisheni mrija huo tundu kwa tundu, mkisubiri usomaji utulie kabla ya kuandika.

Kipimajoto chenyewe kikikaguliwa kwa maji yanayochemka, kumbukeni kwamba ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka karibu na nyuzi 96, si 100; nasisitiza hili kwa sababu ni rahisi mno kukihukumu kibovu kipimajoto kilicho kizima.

Mirija ya sampuli iingie baada ya joto kufika 150, ikae saa 2, na nje yake iwe imefutwa ikauka. Mabaki yana asidi kali, zebaki na kromiamu, hivyo yahifadhiwe kwenye chombo chake chenye lebo, kamwe yasimwagwe kwenye sinki.